Shida Yako Si Mtazamo, Ni Hesabu: Vitabu vya Kamari vya Kusoma na vya Kuacha

Swali linaloingia kwa DM yangu kuliko lolote ni hili: "Bro, nisome kitabu gani cha saikolojia ya kamari ndio niache kuchoma doo?" Anauliza mwanafunzi wa Nchiru. Anauliza msee wa boda pale Makutano. Anauliza jamaa anayefunga muguka Kiritiri, na mwingine wa Kangaru anayesema karo ya semista imekwama "mahali". Wengi wanakuja na majina tayari: The Mental Game of Poker, Thinking in Bets, Trading in the Zone. PDF wameshatumiwa na rafiki, imebaki tu mtu wa kuwaambia waanze na ipi.

Jibu langu litaudhi wengine. Kwa michezo ambayo wengi wenu mnacheza, hakuna kitabu cha saikolojia kitakachowafanya mshinde. Hakuna hata kimoja. Na yule anayewaambia kwamba mnapoteza kwa sababu hamna "mtazamo wa mshindi" anawaibia mara ya pili, baada ya kampuni kuwaibia mara ya kwanza.

Sijasema msisome. Mimi chuo niliacha, kwa hivyo sitawatisha na digrii ambayo sina. Vitabu ndivyo vimenifunza mengi ya ninayoyajua, na baadhi ya vitabu vya poka ni vizuri kushinda nusu ya vile vya "jinsi ya kuomoka" vinavyouzwa kando ya barabara. Lakini kuna mpangilio wake. Ukianza na kitabu cha moyo kabla ya kitabu cha hesabu, umevaa helmeti vizuri, umefunga na kamba, halafu umepanda pikipiki ambayo haina breki.

Tuanze na neno lenyewe. Ukisema poka hapa kwetu, watu wanafikiria ile ya bwenini: mbili unachota mbili, tatu unachota tatu, ukibakisha ya mwisho unatangaza "niko kadi". Poka ya vitabu hivi ni nyingine, kwa kawaida ile inayoitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata 2 za siri, halafu mezani zinafunguliwa 5 za wote, na kila hatua unaamua: uweke pesa, uongeze, au utupe karata zako. Kitu kikubwa cha kushika ni kwamba unacheza na watu. Mwenye meza anakata ada yake tu. Pesa unayoshinda inatoka kwa mfuko wa mtu aliyeamua vibaya kuliko wewe.

Hapo ndipo saikolojia inapata kazi. Tuseme una A mbili mkononi na mwenzako ana K mbili, na pesa zote zimeingia kabla ya karata za mezani kufunguliwa. Utashinda karibu mara 4 kati ya 5. Maana yake umefanya kila kitu sawa, na bado mara 1 kati ya 5 jamaa atakubeba. Ikitokea mara tatu usiku mmoja, damu inachemka, unaanza kuingia na karata za ovyo ili urudishe zilizoenda. Wachezaji wa poka wanaiita hali hiyo tilti. Kwetu tunasema msee amepandwa.

Jared Tendler, mshauri aliyekuwa akifanya kazi na wacheza gofu, aliandika The Mental Game of Poker mwaka wa 2011 kwa ajili ya hali hiyo. Ameigawa tilti mafungu 7: ya bahati mbaya inayofuatana, ya kuhisi umeonewa, ya kuchukia kushindwa, ya kosa lako mwenyewe, ya kudhani unastahili kushinda, ya kisasi, na ya kukata tamaa. Ukisoma utajiona, na utamwona na beshte yako. Lakini angalia msingi wa kitabu kizima. Tendler anachukulia kwamba ukitulia, tayari una uwezo wa kuwashinda wenzako mezani. Anakusaidia kulinda faida uliyo nayo. Hana dawa ya kukuumbia faida ambayo haipo.

Sasa chukua kitabu hicho ukipeleke kwa Aviator.

Mnajua vile inaenda: ndege inapaa, namba inapanda, unatoa pesa kabla ndege haijatoroka. Spribe, kampuni iliyoutengeneza mchezo huo, yenyewe inasema unarudisha asilimia 97 kwa wachezaji. Inasikika poa, si ndiyo? Haya, tupige hesabu.

Msee mwenye nidhamu anatoa kwa 1.5 kila raundi. Kwa mchezo wa asilimia 97, ndege itafika 1.5 karibu mara 65 kati ya 100. Akiweka soo mara 100, ameweka 10,000, na kwa wastani anarudishiwa 9,700. Msee wa katikati anatoa kwa 2. Ndege inafika hapo kama mara 48 na nusu kati ya 100. Piga hesabu: 9,700. Msee mwenye roho ngumu anangoja 10. Inafika huko chini kidogo ya mara 10 kati ya 100. Piga tena: 9,700.

Umeona hiyo? Mwoga, mtulivu na kichaa, wote wanalipa 300 ileile. Mmoja atapanda na kushuka polepole, mwingine atalala njaa siku tano halafu apige kelele siku moja, lakini bili ni moja. Nidhamu ya kutoa mapema haibadilishi chochote kwa wastani. Kusoma historia ya raundi zilizopita pia hakubadilishi, kwa sababu raundi ijayo haijui iliyopita ilifanya nini. Sasa niambie saikolojia itaingilia wapi. Uamuzi wenye maana uliobaki ni mmoja tu: kucheza au kutocheza, na ukicheza, kwa pesa ngapi.

Na usidanganywe na udogo wa asilimia 3. Hiyo inakatwa kila raundi, na raundi ni ya sekunde. Ukichukua soo, na kila unachorudishiwa unakirusha tena, baada ya raundi 50 kwa wastani umebaki na shilingi 22. Baada ya raundi 100, umebaki na kama shilingi 5. Hapo KRA bado haijakata chake, na Fuliza haijadai yake. Unaweza kuwa mtulivu kama mzee wa Njuri Ncheke na bado utabaki na hiyo shilingi 5.

Wenye mikeka msicheke, nawakujia. Chukua mechi ya timu mbili zilizolingana kabisa, bila sare. Bei ya haki ya kila timu ni 2.00. Kampuni haiwezi kukupa 2.00, itakufa. Inakupa, tuseme, 1.90. Kwa mechi moja, tofauti hiyo ni ndogo, haiumi. Lakini wewe hubeti mechi moja, wewe unasuka mkeka wa mechi 10 kwa soo, juu unataka kutoka na kitu kikubwa. Ukizidisha 1.90 mara kumi, unapata kama 613, kwa hivyo unaahidiwa 61,300. Macho yanang'aa. Lakini nafasi yako ni 1 kati ya 1,024, na bei ya haki ingekulipa 102,400. Kampuni imekata kama shilingi 41,000 kutoka kwa ushindi wako kabla mechi ya kwanza haijaanza. Kila mechi unayoongeza kwa mkeka ni kisu kingine unachompa akukate nacho.

Ndiyo maana wanakupa bonasi ya mkeka mrefu. Umewahi kujiuliza mbona mfanyabiashara anakupa zawadi ukinunua zaidi?

Kuna mtu wa kusoma hapa, na kitabu chake ni cha zamani. Edward Thorp alikuwa mtaalamu wa hisabati. Mwaka wa 1962 alitoa Beat the Dealer, akaonyesha kwa hesabu alizopiga kwa kompyuta za wakati huo kwamba mchezo wa blakijeki ulikuwa na mwanya: mchezaji anayehesabu karata zilizotoka angeweza kuishinda kasino. Kasino zilifanya nini? Zilibadilisha sheria za mchezo, na waliohesabu karata wakaanza kufukuzwa mlangoni. Shika somo hilo. Kasino humfukuza mtu anayeweza kuishinda. Wewe unatumiwa SMS ya "tumekumiss, chukua beti ya bure". Umeshaelewa wanakuona vipi?

Sasa turudi kwa hii biashara ya mtazamo, kwa sababu ndiyo inaniudhi kuliko zote.

Ukifungua TikTok utampata jamaa amekodi gari, anakuambia walioshindwa wana akili ya umaskini. Anakuuzia PDF ya "nidhamu ya mbetaji" kwa 300, na kundi la Telegram la "mechi za uhakika" kwa soo tano. Ukipoteza, hakosei yeye. Wewe ndiye hukuamini, hukufuata mpango, ulitoa mapema, ulichelewa kutoa. Mganga wa aina hii hawezi kushindwa: mgonjwa akipona ni dawa, akifa ni mgonjwa hakuimeza vizuri. Na swali la mtoto wa darasa la nne linatosha kumnyamazisha: kama mechi ni za uhakika, mbona anahitaji soo tano zangu?

Sisi watu wa huku ndio hatufai kudanganywa na stori za mtazamo, kwa sababu tumeona kwa macho yetu kwamba soko halijali moyo wako. Juni 2014, Uingereza ilipiga marufuku miraa. Machi 2020, Somalia ikafunga mlango, na haukufunguliwa mpaka Julai 2022. Mkulima wa Igembe angeamka saa kumi alfajiri, ajiangalie kwa kioo, aseme "mimi ni mshindi" mara mia. Ndege ya Mogadishu isingeruka. Alichohitaji ni soko. Mei 2024, Mombasa ilipopiga marufuku muguka, watu wa Mbeere hawakukimbilia vitabu vya kujiamini. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Embu, na marufuku ikasimamishwa kwa muda. Walielewa kwamba shida iko kwa sheria ya mchezo, wakaenda kupigana na sheria ya mchezo.

Na yule anayepima miraa Maua hanunui kwa mtazamo. Anashika kifungu, anaangalia kama ni giza, kangeta au alele, anajua soko linalipa ngapi, anajua gari linaondoka saa ngapi. Akikosea hesabu, jioni ana majani yaliyonyauka. Wewe ni mtoto au mjukuu wa watu wanaofanya biashara hivyo, halafu unaweka pesa ya karo kwa mchezo ambao hujawahi kuuliza bei yake. Hiyo siielewi.

Basi kitabu nikichague vipi? Nina maswali matatu. Uliza kabla ya kununua, hata kabla ya kupakua PDF ya bure, kwa sababu muda wako pia ni pesa.

Swali la kwanza: mchezo wangu una mahali pa akili kuingia? Kama ni poka na unacheza na watu, ndiyo. Kama ni ndege, mashine au gurudumu, hapana. Kama ni kubeti mechi moja moja, labda, lakini lazima uijue bei kushinda wale waliopewa mshahara kuipanga, na hao wana data na kompyuta usiku na mchana. Kama jibu ni hapana, kitabu cha saikolojia ya kushinda hakikuhusu. Kinachokuhusu ni kitabu cha kuelewa mbona huwezi kuacha.

Swali la pili: mwandishi alitengenezea pesa wapi? Kwa mchezo au kwa kukuuzia wewe? Annie Duke, mwandishi wa Thinking in Bets ya 2018, alicheza poka miaka mingi na akashinda taji la World Series of Poker mwaka wa 2004. Maria Konnikova, aliyeandika The Biggest Bluff ya 2020, ana PhD ya saikolojia kutoka Columbia. Na sikia hii: huyo daktari wa saikolojia alipoamua kuingia kwa poka hakusema "mimi naijua akili ya binadamu, nitawamaliza". Alitafuta mwalimu, Erik Seidel, mmoja wa magwiji wa poka, akaanza na sheria, hesabu na mashindano madogo madogo. Ndipo mwaka wa 2018 akashinda shindano Bahamas lililomlipa zaidi ya dola 84,000. Kama mwenye PhD ya saikolojia alianza na hesabu, wewe unaruka hesabu ukielekea wapi?

Swali la tatu: mwandishi anakuonyesha hasara zake na mipaka yake? Daniel Kahneman, aliyepewa Nobeli ya uchumi mwaka wa 2002, aliandika Thinking, Fast and Slow mwaka wa 2011, na humo kuna sura iliyotegemea tafiti ambazo baadaye zilionekana dhaifu. Mwaka wa 2017 alikiri hadharani kwamba alizitegemea kupita kiasi. Mtu wa kiwango hicho anakubali. Jamaa wako wa Telegram amewahi kukubali nini?

Ukitumia maswali hayo matatu, rafu yako inajipanga yenyewe.

Acha vitabu vya kusoma nyuso. Joe Navarro alikuwa FBI, aliandika Read 'Em and Reap kuhusu mikono, miguu na macho ya wachezaji wa poka. Ni tamu kusoma, na kama unakaa mezani na watu itakufaa. Lakini wewe unacheza na simu kitandani saa saba usiku. Simu haina uso. Ndege haitokwi na jasho.

Acha pia Trading in the Zone ya Mark Douglas kama hujawahi kupima mbinu yako. Wasee wa forex wananiletea hicho kila wiki. Kinafundisha vizuri kufikiria kwa uwezekano, lakini nacho kinachukulia kwamba tayari una mbinu yenye faida. Kutulia huku unafuata mbinu ya hasara ni kupoteza kwa adabu tu.

Soma The Theory of Poker ya David Sklansky, ya miaka ya 1980, kama kweli unataka poka. Inachosha, haina hadithi za kukutia moyo, na ndiyo maana ninaiamini. Ukiimaliza na bado unapenda mchezo, sasa nenda kwa Duke na Tendler. Kwa Duke utapata wazo moja ambalo peke yake lina thamani ya kitabu: usipime uamuzi kwa matokeo yake tu. Mtu anaweza kuendesha amelewa kutoka Chuka mpaka Meru na afike salama. Kufika salama hakufanyi uamuzi wake uwe mzuri.

Lakini kama utasoma kimoja tu, kati ya vyote nilivyotaja na ambavyo sijavitaja, soma Addiction by Design ya Natasha Dow Schüll, ya 2012. Huyu alifanya utafiti Las Vegas kwa miaka mingi, akazungumza na wachezaji wa mashine na pia na wale wanaozitengeneza. Alichokuta ni kwamba wengi waliozama hawakuwa tena wanatafuta kushinda. Walikuwa wanatafuta ile hali ya kusahau kila kitu, mchezo ukienda bila kusimama, bila shida za nyumbani, bila kesho. Na mashine zimepangwa kwa makusudi ili hali hiyo isikatike: kasi, sauti, kiti, namna ya kuweka pesa. Soma kitabu hicho halafu ufungue Aviator. Angalia raundi inavyoanza kabla hujapumua. Angalia majina ya watu wanaoshinda yakipita pembeni. Angalia pesa inavyotoka M-Pesa bila noti kuguswa. Utaacha kujiuliza "mimi nina shida gani", utaanza kuuliza "hii kitu imetengenezwa ifanye nini". Hilo swali la pili ndilo linalotoa mtu shimoni.

Na kama hupendi vitabu vya utafiti, kuna riwaya ya Dostoevsky inayoitwa The Gambler kwa Kiingereza. Aliitunga mwaka wa 1866 kwa siku 26, anasukumwa na mkataba na madeni, na yeye mwenyewe alikuwa mtumwa wa ruleti. Ni fupi. Hakuna kozi ya mtazamo inayoonyesha ndani ya kichwa cha mtu aliyepandwa vile inavyoonyesha riwaya hiyo.

Najua mnachotaka kusema. "Lakini kuna mtu alishinda." Ndiyo, yuko. Mei 2017 Mkenya mmoja alishinda jakpoti ya SportPesa ya shilingi milioni 221, na alishinda kihalali. Jakpoti ya mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu, ina njia zaidi ya milioni 129 za kujazwa. Mtu mmoja akipatia, anawekwa kwenye gazeti. Wale wengine wote hawana gazeti la kuwatosha. Ukichukua hadithi yake kama mpango wa maisha, unafanya lile kosa la mlevi wa Chuka.

"Mimi nacheza kujifurahisha tu." Poa kabisa. Basi fanya kama unavyofanya ukienda kuangalia muvi: weka bei ya tiketi kabla ya kuingia, na ikiisha, toka. Hakuna mtu hulia nje ya ukumbi akidai pesa ya tiketi irudi, wala hakopi Fuliza aangalie muvi ileile mara ya tisa. Ukiona unafanya hivyo, hiyo furaha imekwisha zamani.

"Serikali itatusaidia." Sheria mpya ya kudhibiti kamari ilitiwa saini Agosti 2025, na ni vizuri iko. Lakini hakuna sheria inayogeuza 97 kuwa 103.

"Unatukatisha tamaa, huku kazi hakuna." Hapa sitacheka na mtu. Najua kazi hakuna, naishi hapa hapa. Lakini ndio maana nasema kwa hasira. Kama kazi zingekuwa nyingi, soo unayochoma ingekuwa mchezo. Sasa hivi soo hiyo ni chakula cha mchana cha mtu pale Nchiru, ni mafuta ya boda, ni salio la karo. Mtu asiye na kitu ndiye hafai kabisa kulipia mchezo wa asilimia 97.

Kwa hivyo kabla hujanitumia tena swali la kitabu gani, kuna kimoja cha kuanza nacho, na ni cha bure. Piga *334# au fungua programu ya M-Pesa, itisha taarifa ya miezi 6 iliyopita. Chukua kalamu. Jumlisha kila pesa iliyoenda kwa kampuni za kubeti. Jumlisha kila iliyorudi. Toa ya pili kwa ya kwanza. Usihesabu ile siku moja ya ushindi unayoikumbuka kila mara, hesabu zote. Andika jibu mahali utaliona.

Kama namba hiyo inakuogopesha, na ukijaribu kuacha huwezi, usitafute PDF. Ongea na mtu unayemwamini leo, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, utapata mtu wa kukusikiliza. Na kama namba haikuogopeshi na bado unataka poka ya kweli, ya watu na meza, sawa, anza na Sklansky. Uliza kwa maktaba ya umma, Embu au Meru, kabla ya kununua. Ukifika ukurasa wa 50 bila kulala, niandikie. Tutaongea saikolojia.